Milango Niliyoirefusha

Baba hakuwahi kunielewa na kompyuta zangu, wala sikumlaumu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kompyuta za mitumba zimeanza kuzagaa mjini Dodoma, na mimi nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti yenye mashine sita zilizounganishwa kwa waya. Mchana wateja walikuja kusoma barua pepe. Jioni tulibaki vijana wanne, tukifyatuliana risasi ndani ya mchezo mmoja mpaka umeme ukatike.

Mchezo ule ulikuwa na programu ya kutengenezea uwanja wako mwenyewe wa mapambano. Unajenga kuta, unaweka milango, unapanga wachezaji watokee wapi na bunduki ziwekwe wapi. Wenzangu hawakuwa na subira hiyo. Mimi nilikuwa nayo, na nilishajua nitajenga nini: tembe alimozaliwa baba, upande wa Mpwapwa, iliyobomolewa watu walipohamishiwa kijiji kipya. Haikuacha hata picha moja.

Baba alikuwa anaumwa macho. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba dawa zitachelewesha tu, mwisho wake ni giza. Nilipomwambia nataka kuijenga nyumba yao kwenye kompyuta ili aione tena, alinitazama kama mtu anayetaniwa. Kisha akauliza, "Na zizi utaliweka?"

Wiki nzima, kila nikirudi nyumbani Miyuji, alinipimia. Alisimama sebuleni akahesabu hatua, mimi nikiandika. Zizi katikati, vyumba kulizunguka pande zote nne, paa bapa la udongo, lango moja tu la kuingilia. "Mlango wa mama uliishia hapa," alisema, akiweka kiganja kifuani. "Hata bwana shamba alipokuja aliinama. Kwa mama huingii wima." Sijawahi kuongea na baba kiasi kile, kabla wala baada ya hapo. Nilijenga kila kitu kama alivyosema, nikamwambia Jumamosi aje aone.

Ijumaa wenzangu wakaujaribu. Kumbe nyumba nzuri ya kuishi ni uwanja mbovu wa kupigania! Mlango mfupi ulimlazimu mchezaji achuchumae, na aliyechuchumaa ni marehemu. Vyumba havikuwa na njia ya pili, ukibanwa ndani umekwisha. "Kaka, huu siyo uwanja, ni kaburi," mmoja wao alisema, na wote wakacheka. Nilikuwa na umri ule ambao kuchekwa na wenzako kunauma kuliko kipigo. Nikarefusha milango yote. Nikatoboa kuta, nikaongeza malango mawili, nikang'oa uzio wa zizi ili watu wapate pa kukimbilia. Kisha nikahifadhi kazi hiyo juu ya ile ya kwanza. Walinisifu jioni nzima, na nilifurahi kipumbavu.

Jumamosi baba alikuja amevaa koti lake la kanisani. Sijui kwa nini nilidhani hatagundua. Nikamkalisha, nikampitisha chumba kwa chumba, naye amesogeza uso karibu aguse kioo. Tulipoingia kwa mama yake, wima, alirudi nyuma kwenye kiti.

"Nyumba nzuri," alisema kwa adabu, kama mgeni anayesifia mboga asiyoipenda. "Ni ya nani?"

Ningemwambia ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Ya mtu tu, baba. Hii ni ya mfano. Yenu bado sijaimaliza."

"Aa! Basi nitasubiri," akasema, na uso ukamchangamka.

Akasubiri kweli. Mimi nikapata kazi Dar es Salaam, na kila aliponipigia simu aliuliza imefika wapi, nami nikajibu imekaribia. Haukuwa uvivu. Kila nilipofungua lile faili niliiona milango ile mirefu, nikalifunga kwa aibu. Ilipita miaka mitatu. Mama aliniambia baba anaona ukungu, na mimi nikachagua kuamini kwamba ukungu si kitu kibaya sana.

Nyumba yao niliimaliza wakati wa likizo moja, kwa siku nne, nikifuata vipimo vyake hatua kwa hatua. Nikaibeba kompyuta kwa basi hadi Miyuji, nikaiweka mezani, nikamshika baba mkono na kumkalisha mbele yake. Mama alikuwa amemnyoa ndevu. Nikabonyeza kitufe, nikamwambia, "Haya baba, hii sasa ndiyo yenu."

Baba akatabasamu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Umepatia kila kitu, mwanangu."

Kioo kilikuwa bado cheusi, mchezo haujafunguka. Nikasema asante. Sikuthubutu kumwambia asubiri tena.