Mlango wa Libuyu

Kila Jumapili, benchi ya nne ilipoinuka kwenda kukomunika, Emerance alibaki ameketi. Wenzake waliyaruka magoti yake wakienda, wakayaruka tena wakirudi. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili. Hapo Giheke hakuna aliyemwuliza, maana baada ya vita kila mtu alikuwa na lake.

Yeye alijua sababu. Ilikuwa nyumbani kwake, imesimama, ina kitasa.

Alizaliwa Bukavu, mtoto wa wakimbizi wa mwaka wa hamsini na tisa. Mwaka 1994 alivuka mto na binti yake Joselyne, akaingia nchi ya wazazi wake, akaingia katika nyumba tupu ya watu waliokimbilia Kongo. Mwishoni mwa 1996, vita vilipoyavunja makambi ya ng'ambo, mwenye nyumba alirudi: Nyiraneza, mjane, miguu imevimba. Emerance aliambiwa atoke, akatoka, akajenga kwenye kilima cha pili. Ila siku ya kuhama aling'oa mlango wa mbele, ubao mzito wa libuyu, mti mgumu wa misitu ya Kongo, akaufunga kwenye nyumba yake mpya. Alijiambia: nyumba ya baba yangu ilichomwa, nani alinilipa mimi? Nyiraneza akatundika shitingi, turubai la plastiki la kambini, pale penye uwazi, na kila masika mvua ikaingia mpaka kitandani.

Pasaka ya 1999 ilipokaribia, Emerance aliingia kwa Padri Protais kuungama. Alianza na hasira, akaongeza uvivu wa sala, akazungukazunguka, mwisho akautaja mlango. Akaitaja na nyumba ya baba yake.

"La baba yako Mungu analijua," padri alisema. "Huo mlango uko wapi sasa?"

"Kwangu."

"Basi urudishe kwanza, umwombe radhi mwenyewe, halafu uje nikupe maondoleo. Unaweza kumtuma mtu wa baiskeli autangulize. Kanisa halikudai ujiaibishe barabarani."

"Nilipoung'oa batu walikuwa wanaona, Padri. Nitaubeba mimi."

Akachagua siku ya soko, jua likiwa juu. Odette, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akiuza sabuni kando ya barabara, alimwona akija na mlango kichwani.

"Maman Joselyne! Unahama tena? Leo umeanza na mulango?"

"Ni ya Nyiraneza. Nilimuibia."

Odette alicheka, kisha akauona uso ule, akanyamaza. Wengine hawakunyamaza.

"Bado dirisha, Maman!" mmoja alipiga kelele.

"Dirisha sikuchukua," Emerance alijibu bila kugeuka. "Lilikuwa limeoza."

Soko zima likaangua kicheko. Yeye akaendelea kupanda, jasho likimwingia machoni, ngata imebanwa kati ya mlango na utosi. Aibu alikuwa nayo, ila hakuiacha iinamishe shingo yake. Wengi walikuwa wameonekana kwenye barabara ile wakibeba vitu vya watu. Aliyekuwa akivirudisha, mchana, kwa jina lake, alikuwa yeye. Kitu kimoja tu kilimtia hofu: Nyiraneza akikataa, je?

Nyiraneza alitoka akifuta mikono iliyojaa unga wa muhogo. Emerance aliuegemeza mlango ukutani, akapiga magoti.

"Niliuchukua nikijua ni wako. Nimekuja kuomba unisamehe."

Mjane aliusogelea mlango, akaupapasa juu mpaka chini.

"Kitasa si changu."

"Cha zamani kilivunjika. Hicho ni kizuri zaidi."

"Kumbe! Na ufunguo unabaki na wewe?"

Emerance akafungua fundo la kitenge, akampa funguo zote mbili. Nyiraneza alizijaribu kitasani, mmoja baada ya mwingine.

"Simama," alisema mwishowe. "Shika upande ule. Peke yangu sitauweza."

Waliufunga pamoja, mmoja akiinua, mwingine akigonga misumari kwa jiwe. Ulipokaa sawa, Nyiraneza aliufunga na kuufungua mara tatu.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini usifikiri nitakuja kwako kunywa chai."

"Sikuleta mulango juu ya chai, Maman."

Alishuka moja kwa moja mpaka parokiani, kitenge chake kimejaa vumbi la libuyu, akasubiri zamu yake kwenye foleni ya maungamo. Masika yale nyumba yake mwenyewe ilikaa na mkeka mlangoni.

Leo Emerance anaishi Nkungu, kwa Joselyne, na analima viazi.