Siku Niliyochomoa Betri Injini Ikiwaka

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningekufa nayo kama si mtu mmoja juzi pale Bweri kuisimulia mbele yangu bila kujua mhusika ni nani, akacheka mpaka machozi, akasema eti "yule mjinga wa Pijo". Mjinga mwenyewe ni mimi. Afadhali niiseme kwa mdomo wangu, maana yeye hata hakuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani baada ya kupanga foleni ya sabuni mpaka tukachoka, na biashara ya sangara imepamba moto. Nilikuwa na Pijo kuukuu la kubeba abiria na mizigo kati ya Musoma na Bunda. Mwenzangu barabarani alikuwa Hamisi wa Manyamanyama, naye ana Pijo kuukuu kama langu, tukiazimana kila kitu kuanzia jeki mpaka kofia. Basi Mama Nyangeta, mchuuzi mkubwa wa samaki, akaagiza pikapu kutoka Dubai na kutangaza kwamba anatafuta dereva mmoja wa kuajiriwa. Kuajiriwa, mnanielewa? Mshahara kila mwezi, tairi zikiisha si shida yako! Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili, langu na la Hamisi.

Watu wa stendi ndio walioleta maneno. Wakasema tushindanishwe kwenye ule mstari ulionyooka nje ya Bunda, tuanze tumesimama, kutoka kalvati mpaka kibao cha kilometa, Jumapili baada ya ibada. Mama Nyangeta akacheka, akasema atapita kuangalia.

Kiherehere kikanishika. Shemeji yangu alikuwa anavuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kila wiki, nikampa baiskeli yangu (yangu kwa jina, mke wangu ndiye aliyekuwa anabebea maji) naye akaniletea kisanduku cha elektroniki cha kuwashia moto. Kwa asiyejua, magari yetu yalikuwa na platini, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche, vikichakaa tunavisugua kwa ubavu wa kiberiti tunaendelea na safari. Kisanduku kinafanya kazi hiyo bila vyuma kugusana, cheche inakuwa kali, gari linaondoka kwa hasira. Nilikifunga Ijumaa. Jumamosi Pijo lilikuwa linaruka, nami nikaanza kutembea kama mtu mwenye pikapu.

Kulikuwa na karatasi ya maelezo, Kiingereza kitupu. Sikuisoma. Fundi wa kusoma karatasi, nilijiambia, huyo bado mwanafunzi.

Jumapili watu walijaa pande zote mbili za lami, mpaka kwaya nzima na mavazi yake. Nikawasha gari, nikaacha boneti wazi makusudi ili waone kisanduku kinavyong'aa (nilikuwa nimekipaka mafuta ya nazi, Mungu anisamehe). Hamisi naye akapiga stata. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Betri imekufa," akasema. "Nisukumeni, ndugu zangu."

Wanaume wakaanza kukunja mikono ya mashati. Wangemsukuma hatua ishirini tu gari lingewaka, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mimi nikapaza sauti imfikie Mama Nyangeta pale alipokuwa amekaa.

"Acheni! Mtachafua nguo za kanisani bure. Betri yangu si ipo?"

Mwelewe jambo moja. Wakati wa shida betri moja ilikuwa inawashaga magari matatu. Unawasha lako, likiwa linaunguruma hivyo hivyo unachomoa betri, unampelekea mwenzako, anawasha, unarudisha. Gari halizimiki, alteneta inalilisha umeme. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hata mikono yangu haikuniuliza. Nikashika spana, nikachomoa.

Pijo likakohoa mara moja, likazimika. Sikujali. Nikapeleka betri, la Hamisi likawaka palepale, nikarudisha yangu, nikapiga stata. Linazunguka, haliwaki. Nikapiga tena. Ndipo harufu ya plastiki iliyoungua ikanifikia, na mke wa mchungaji akaziba pua.

"Magesa, vipi?" Hamisi akauliza dirishani.

"Dakika moja, kaka."

Mama Nyangeta akatazama saa. "Mimi nina barafu inayeyuka huko. Anayeweza kwenda aende."

Hamisi aliniangalia, sitamsingizia, aliniangalia vizuri kabisa. Halafu akaondoka peke yake, na watu wakamshangilia utadhani ameshinda magari kumi.

Hamjasikia bado. Wale wanaume niliowahurumia nguo wakaniambia nikae kwenye usukani, wakalisukuma Pijo wakitumaini litawaka, wakasukuma, wakasukuma, jasho likawalowanisha, na mtu mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo ili wapate nguvu. Nilifika kwenye kibao cha kilometa nikiimbiwa. Mbio nilizimaliza, hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Pale kwenye kibao Mwalimu Wambura akainama kwenye injini, akavaa miwani, akasoma maandishi mekundu yaliyokuwa juu ya kile kisanduku nilichokipaka mafuta.

"Hapa wamesema usitoe betri injini ikiwaka, kitaungua," akatafsiri kwa sauti ya darasani. "Ulisoma?"

Watu walicheka, lakini kilichoniumiza hakikuwa kicheko. Mama Nyangeta alinisogelea, akasema polepole, bila hasira hata kidogo:

"Mwanangu, roho yako nzuri, nimeiona. Lakini gari lako mwenyewe hujui linataka nini. Nikupe langu?"

Nyumbani mke wangu alichukua ndoo, akajitwika kichwani, akaenda ziwani kwa miguu, na alikwenda hivyo kwa muda mrefu.

Wiki mbili baadaye Hamisi akaja na pikapu mpya, akakaa kwenye kiti changu, akazunguka maneno wee, mwisho akasema, "Magesa, usinielewe vibaya. Mama anatafutaga utingo." Nilitaka kumtukana. Pijo lilikuwa juu ya mawe, watoto wanataka kula. Mwaka mzima nilipakia sangara wa Mama Nyangeta na kukaa nyuma juu ya barafu, Hamisi yuko mbele anasikiliza redio, na mpaka leo sijui kama alinisaidia au alinimaliza.

Nimeapa. Mtu akikwama barabarani nitashuka, nitasukuma kwa mikono yangu mpaka jasho litoke, lakini betri yangu haitoki tena kwenye gari, hata aliyekwama awe mama yangu mzazi.