Mama Aliyeidanganya Mizani ya Ndege

Saa moja asubuhi, jua halijafika juu ya paa la mabati, Paskazia Nkwabi ameshaketi chini katika ghala la kiwanda cha pamba, Shinyanga. Miguu ameinyosha, mikono inakwenda. Pamba nyeupe kulia, fifi, ile chafu, kushoto. Wenzake wanapiga soga. Yeye hainui kichwa.

"Mama Philomena, leo huruki?" anamtania Zipora, mchambuaji mwenzake. "Jamani, mwacheni aliyekula mawingu!"

Wanawake wanacheka. Paskazia anavuta ncha ya kanga mpaka mdomoni. Katika ghala zima ni yeye peke yake aliyewahi kupanda ndege, na hataki kabisa kuulizwa.

"Wanadhani naona haya kwa ushamba," ananiambia mimi mwandishi. "Laiti ingekuwa hivyo."

Ana miaka arobaini na mitano, mjane, na mshahara wake ni shilingi thelathini na tano kwa mwezi. Mwaka jana, mwezi wa nne, aliletewa telegramu kutoka Dar es Salaam. Binti yake Philomena, ambaye mimba mbili zilikwisha kumharibikia, alikuwa amelazwa akisubiri kujifungua. Mvua ilikuwa imeng'oa reli, treni hazipiti. Kaka yake, Maduhu, akauza ng'ombe wawili ili dada aende kwa ndege.

Ikabaki kuchagua ndege ipi. Kampuni moja ilikuwa na ndege kubwa iliyotua Mwanza, nauli shilingi mia na tisini, mzigo ratili thelathini tu, na makarani wake hawakuwa na mchezo. Nyingine ilikuwa na ndege ndogo ya abiria saba iliyotua hapo hapo Shinyanga kwa shilingi mia na arobaini. Hiyo ilimpima mtu pamoja na furushi lake, wasizidi ratili mia na themanini.

"Panda ile kubwa, dada," Maduhu alimsihi. "Nguo zako zinatosha."

"Niende kwa mzazi na nguo tu? Watasema nimekwenda kutembea!"

Mama wa Kisukuma anayekwenda kumtunza binti yake hubeba samli na unga wa uwele. Paskazia alikuwa na debe zima la samli, na unga juu yake. Akachagua ndege ndogo, na anakiri kwamba si kwa sababu ya nauli. Siku moja kabla alikwenda uwanjani kuchungulia, akaiona mizani. Ilikuwa ya aina ile ile ya kununulia pamba, imewekwa chini ya dirisha la kibanda cha karani.

"Nilipoiona tu, moyo ukaniambia, hii naiweza."

Tangu utotoni aliwaona wanunuzi walaghai wakipenyeza goti chini ya gunia la baba yake, uzito ukapungua. Baba alikuwa akirudi nyumbani, hali chakula. Ujanja huo huo ndio alioutumia kwa ajili ya binti yake. Alipanda mizani, furushi mgongoni, akaliegemeza taratibu kwenye ukingo wa dirisha. Karani Valerian akasoma mia na sabini na tano.

"Mama, mbona mwepesi hivi?"

"Njaa ya mwaka huu, mwanangu," akajibu, na watu wakacheka.

Uwanja ulikuwa tope tupu. Ndege ilikimbia mpaka karibu na mwisho, ikashindwa kunyanyuka, ikarudi. Rubani akasemezana na Valerian, na karani akaingiza kichwa mlangoni.

"Ndege ni nzito kuliko isemavyo karatasi yangu," alisema. "Aliyeficha uzito aseme. Tukishusha mzigo wake, hakuna atakayebaki. Akinyamaza, atashuka aliyekata tiketi mwisho."

Aliyekata tiketi mwisho alikuwa Donatus, kijana wa Masumbwe, kibarua wa kuvunja mawe. Kipande cha jiwe kilimrukia jichoni, akaambiwa awahi kwa daktari wa macho Dar es Salaam. Alikuwa amekaa ubavuni mwa Paskazia, kitambaa kimefunga nusu ya uso.

"Alikuwa ameniamkia vizuri, nikamwambia nakwenda kwa mzazi. Akanipokea furushi nipande, akasema, 'Mama, umebeba nchi nzima!' Aliujua uzito wake, yule mtoto. Hakunitaja."

Donatus akashuka. Paskazia akakaza macho dirishani, upande wa pili.

Kina mama, tusijidanganye kwamba mapenzi kwa mwana yanafuta kosa kwa mwana wa mwenzetu.

Alimkuta Philomena ameshajifungua siku mbili nyuma, mtoto wa kiume, wote wazima. Binti alifunua debe akacheka. "Mama nawe! Samli si imejaa Kariakoo?" Paskazia akatoka nje ya wodi akalia. Wauguzi wakamwambia ni furaha ya bibi.

Ndege ndogo haikurudi Shinyanga mpaka siku kumi na mbili zilipopita. Jicho la Donatus halikupona. Valerian ndiye aliyempa habari hiyo, akimweleza kana kwamba Paskazia hahusiki.

Januari mwaka huu yeye na Donatus walikutana uso kwa uso sokoni.

"Shikamoo, mama. Mtoto alizaliwa salama?"

"Salama," akajibu. Akanunua chumvi asiyoihitaji, akaondoka mbio.

Sasa ameomba habari hii iandikwe, jina lake lisifichwe, ili mama mwingine anayefunga furushi la safari asome kabla hajapanda mizani. Msimu wa pamba ukiisha atakwenda Masumbwe, ambako Donatus amerudi kulima. Maduhu anamshauri aongee na kijana pembeni, yaishe kimya kimya. Hataki.

"Ana mama yake," anasema, mikono imesimama juu ya pamba kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nitasema mbele ya mama yake. Kijana anaweza kunisamehe kwa adabu tu, kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Yule mama hatanionea haya. Huyo ndiye ninayemtaka anijibu."