Giza la Saa Kumi na Moja na Nusu

Mjini Ibra, Oman, watu wote hupona mwezi wa Novemba. Miezi ya joto wanajifungia ndani kama dawa zisizotakiwa kupigwa na jua, hawatembeleani, hawasalimiani, kila mtu na kiyoyozi chake. Halafu asubuhi moja upepo unageuka, mtu anatafuta shali yake, na mji mzima unakuwa na tabia njema. Wanaume waliokuwa hawasemi na ndugu zao tangu Idi wanapakia mbuzi na makaa kwenye gari, wanakwenda nao mchangani kuchoma nyama. Jirani yangu, aliyeniambia Julai kwamba anatamani kufa, Desemba huniambia Mungu ametupendelea sana watu wa nchi hii.

Mwaka ule mimi peke yangu sikupona. Wala sikuwa mgonjwa, lakini hilo halikumzuia mtu kunitibu.

Mume wangu alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman kijana na sanduku moja na imani moja: usiku unaingia saa kumi na mbili. Kwao jua huzama saa kumi na mbili na dakika zake, mwaka mzima, na saa za Kiswahili zimepangwa kwa uadilifu huo, mchana kumi na mbili, usiku kumi na mbili, kila mmoja na haki yake. Hapa Ibra, wakati wa baridi, jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini. Yeye aliona ni dharau. Miaka yote thelathini na minne ya ndoa yetu, kila baridi, hakuna taa iliyowashwa nyumbani kwetu kabla ya saa kumi na mbili kamili.

Watu walidhani ni ubahili. Ubahili ningeuelewa.

"Hili ni giza tu," aliniambia mwaka wa kwanza. "Usiku bado."

"Umetoka msikitini sasa hivi kusali magharibi. Mungu keshauingiza usiku, wewe unamngoja nani?"

"Mungu anapanga mambo ya sala. Mambo ya taa ameniachia mimi."

Basi akirudi msikitini alikaa kwenye mkeka sebuleni, akanyamaza nusu saa nzima. Mimi nilikuwa jikoni na moto wa gesi, nakata vitunguu kwa kupapasa. Nina kovu kwenye kidole gumba kwa ajili ya heshima ya jua la Unguja. Mara moja nilimuuliza anafikiri nini kwenye giza lile. Akajibu, "Nangoja saa kumi na mbili." Ikifika, anasimama, anawasha taa, anakuwa mtu mchangamfu kuliko wote mtaani.

Niliichukia nusu saa ile. Naandika hivi kwa sababu siku za matanga wanawake walinisifu kwamba tuliishi kama chanda na pete, nami sikuwakatalia, maana nilikuwa nalia. Ukweli ni kwamba kila Oktoba nilianza kununa mapema ili nisichelewe.

Alikufa Juni, katika joto. Nikakaa eda. Nimesikia wajane wengi wakiilalamikia eda, mimi iliniokoa. Miezi minne na siku kumi hakuna anayeweza kukutoa nyumbani kwako, hata mtoto anayekupenda. Siku ya kumi na moja binti yangu alipiga simu kutoka Maskati kuuliza kama nimeshaanza kukunja nguo za kwenda kwake.

Baridi ikaingia. Jioni ya kwanza ambayo jua lilizama mapema, niliwasha taa zote za nyumba, mpaka ya choo cha nje. Saa ilikuwa kumi na moja na nusu. Nilifanya kwa kisasi, nisiseme uongo. Nikakaa katikati ya mwanga ule kama mtu aliyeshinda kesi, nikamngoja mshtakiwa aje kulalamika. Hakuja. Nikagundua kwamba nilikuwa sina kazi yoyote ya kufanya na taa zile. Kesho yake sikuziwasha mpaka kumi na mbili, wala siku iliyofuata. Sijui ni mapenzi au mazoea, na sikusoma kiasi cha kuweza kuyatenganisha. Nilikaa kwenye mkeka wake na nusu saa ikapita vizuri. Mwili ulitulia. Kwa siku nzima ule ndio ulikuwa wakati ambao hakuna aliyeniambia nivumilie.

Alhamisi moja binti yangu akaja bila kuniarifu. Akafungua mlango saa kumi na mbili kasorobo, akaikuta nyumba nyeusi, na mama yake ameketi chini, kimya, anatazama ukuta.

"Mama. Iko nini? Mbona giza?"

"Saa kumi na mbili bado."

Ndilo jibu nililokuwa nalo. Sasa naona kwamba halikunisaidia.

Akamwita jirani. Jirani yangu ni wa familia zilizotoka Bara, Tabora, na wao hawazunguki maneno.

"Hiyo depresheni, dada," akaniambia, kabla hata hajavua viatu. "Wifi yangu wa Nizwa ilimwanza hivyo hivyo. Kukaa kimya, kukaa kimya."

"Ikaisha vipi?"

"Akaolewa tena."

"Hiyo basi," binti yangu akasema, "tuiweke ya mwisho."

Alianza na taa. Wiki iliyofuata aliniletea boksi, ndani yake kuna kitu kama trei nyeupe yenye waya. Akakiweka juu ya meza, akakiwasha, nikaziba macho. Katika nchi ambayo nusu ya mwaka tunabandika foili ya jikoni madirishani ili jua lisituone, mwanangu alikuwa ameninunulia jua kwenye boksi.

"Unakaa mbele yake nusu saa kila siku, mama. Watu wa Ulaya wote wanatumia hii."

"Watu wa Ulaya wana jua?"

"Hawana."

"Na sisi?"

"Mama, usianze, wallahi."

Akaniambia na lililobaki. Alikuwa amechukua likizo ya siku kumi. Atakaa na mimi, ataniangalia. Zikimalizika na mimi bado nakaa gizani kama popo, tutaifunga nyumba na nitahamia kwake Maskati, moja kwa moja. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa upole wa daktari, ambao ni mbaya zaidi, maana huwezi kugombana nao.

Sikutaka kwenda. Nina mindimu miwili na mtende uliochoka, nina zamu ya maji ya falaj, mfereji wetu wa mashamba, najua kila mlango wa mtaa wangu unavyolia. Kwake ni ghorofa ya nne na zulia. Basi nikaamua kuwa mzima kwa siku kumi. Taa nikawasha jua likiwa bado ukutani. Nilikula kwa sauti. Nilicheka peke yangu jikoni ili asikie sebuleni, na akaja mbio kuuliza kama niko sawa. Mbele ya ile trei nilikaa kila siku nusu saa, kama samaki anayekaushwa, na kila alipopita niliitabasamia.

Siku ya tatu nikaanza kuona kwamba mtu asiyekula si mimi.

Mchana alikuwa vizuri, anapika, anautukana mtende wangu. Ikifika alasiri anaanza kutembea, dirisha hili, dirisha lile. Saa kumi, jua kali uani, anawasha taa za vyumba vyote. Anampigia mumewe, ambaye kazi yake ni mafuta huko majangwani, wiki mbili kule, wiki mbili nyumbani, na akiwa kule simu yake haishikiki. Anapiga hivyo hivyo. Sahani ya usiku anaichokoa tu. Siku ya tano nilirudi kutoka kwa jirani baada ya magharibi nikamkuta ameivuta ile trei mpaka karibu na uso, amefumba macho.

"Naijaribu tu," akasema. "Nione kama inafanya kazi."

Siku ya sita, jua lilipozama, nilikaa pembeni yake nikamuuliza, "Tangu lini?"

Alitaka kuuliza tangu lini nini. Nikamtazama, akaacha.

"Nikitoka kazini nakaa ndani ya gari," akasema. "Kule chini, pakingi. Mpaka isha. Siku nyingine mpaka baada ya isha."

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nawasha taa ya ndani ya gari. Nikipanda juu nyumba yote giza, mama. Siwezi kufungua mlango, mkono hautaki."

Nikasubiri. Kusubiri nimefundishwa na bingwa.

"Baba alikuwa anakaa pale," akasema, akaonyesha mkeka kwa kidevu. "Nilikuwa nadhani amenikasirikia. Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango wa chumbani, nafikiri, leo nimefanya nini? Nahesabu makosa. Halafu anawasha taa, anacheka, ananiita tule. Nasema khalas, amenisamehe."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, mama. Kila siku ya baridi."

"Baba yako alikuwa anangoja saa tu."

"Sasa najua. Wakati ule nilikuwa na miaka sita."

Mimi nilikuwa jikoni, hatua tano kutoka mlango ule. Miaka yote nilikuwa pale na vitunguu vyangu, najionea huruma, na hata jioni moja sikujiuliza mtoto yuko wapi mbona kimya. Baba yake alikuwa na Unguja yake mle gizani, mimi nilikuwa na manung'uniko yangu, na kila mmoja wetu aliamini giza ni la peke yake. Mama mwingine angepata maneno mazuri ya kusema hapo. Mimi nilimuuliza kama anataka chai. Akataka. Akanywa mbili.

Siku ya kumi alinijia asubuhi na mkoba wake begani. Mtoto yule, pamoja na trei zake, ni mwadilifu.

"Mama, nimekuangalia. Uko sawa. Ukitaka kukaa kwako, kaa. Sitakusumbua tena."

Ushindi nilioutaka, nilioutafunia chakula kwa sauti siku kumi, akaniwekea mkononi kama kikombe cha kahawa. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umeshaanza kuhesabu saa za njiani na saa jua litakapozama.

"Ningoje nikunje nguo," nikamwambia.

"Mama, nimesema si lazima."

"Nimesikia. Nakaa kwako mpaka baridi iishe, jua lirudi kuzama saa kumi na mbili, halafu unirudishe. Si moja kwa moja. Usije ukaniletea kabati."

Tulichelewa kutoka, kwa sababu ya mimi na ile mindimu. Jirani alikuja kuniaga, akakubali kuumwagilia na mtende. Trei nilimwachia yeye. Ameiweka kwenye banda la vifaranga na anadai wamechangamka sana.

"Umefanya la maana, dada," akaninong'oneza. "Mgonjwa akikubali ugonjwa, nusu ameshapona."

"Ndivyo," nikasema. Sikumdanganya. Hakuniuliza nani mgonjwa.

Jua lilizama tulipofika Bidbid, pale barabara yetu inapoungana na ya Nizwa na malori yanawasha taa zote kwa pamoja. Binti yangu aliushika usukani kwa mikono miwili. Mimi si msemaji, lakini nilisema kutoka pale mpaka Maskati. Nilimsimulia namna baba yake alivyowahi kuchelewesha wageni wa posa uani, gizani, watu wazima saba na vilemba vyao, wanagongana kutafuta viatu, kwa sababu saa bado haijafika. Nilimsimulia namna nilivyojikata kidole na baba yake akaniuguza kwa kupapasa, akafunga kidole kisicho na jeraha. Hakucheka sana. Lakini aliuliza, "Halafu?" na mtu anayeuliza halafu yupo.

Sasa niko ghorofa ya nne. Kila siku saa kumi na moja nawasha taa za nyumba yote, chumba kwa chumba, na pazia nafungua, ili akiegesha gari aone kutoka chini. Mlinzi wa jengo amenitazama kwa huruma zaidi ya mara moja. Nadhani ameshaambiwa habari zangu. Nusu saa yangu ya kimya sina tena, na sitasema siitamani. Naitamani kila jioni, mpaka meno yanauma. Wiki ya kwanza alipanda saa moja usiku. Wiki hii anapanda saa kumi na mbili kasorobo, bado ameshika funguo za gari, anauliza nimepika nini.

Jana mumewe alipata mtandao kule jangwani, akapiga simu tukiwa tunakula. Alimuuliza mama anaendeleaje.

"Alhamdulillah," binti yangu akasema, mdomo umejaa wali. "Ana nafuu kubwa. Nilikwambia, ilikuwa kumtoa tu kwenye giza lile. Hata kula sasa anakula."

Nilikuwa nimeshamaliza zamani, nanyonya mfupa tu. Nikavuta sufuria, nikamwongeza mwenyewe kijiko cha pili, na cha tatu, yeye akiendelea kuzungumza.