Riba ya Maharage

Hii habari hainijengei heshima hata kidogo. Naisimulia mwenyewe kabla mke wangu hajaniwahi, maana yeye akianza huwa anaongeza chumvi, na ukweli wenyewe tayari unatosha.

Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, na bati ndiyo usiseme. Lakini mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Msomi kama mimi angelalaje chini ya nyasi hapa Tunduma? Nikakopa hela za bati kwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa Kondoa, mwenye duka na lori. Akashika hati ya kiwanja changu, akasema, "Lipa kidogo kidogo, kijana, mpaka deni liishe." Riba hakutaja. Nikacheka moyoni. Deni gani duniani halina riba? Mimi wa kudanganywa?

Basi kila mwezi nikipeleka malipo, naongeza debe la maharage. Riba nimejipangia mwenyewe, kama mtu mwenye akili. Mzee anapokea, anashukuru mpaka naona aibu, na debe linarudi na robo kilo ya sukari ndani, imefungwa kwenye gazeti.

"Unamwona?" nikamwambia mke wangu. "Anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mwaka wa pili maharage yakanichosha. Nikasikia kuna benki Mbeya inamlipa anayekudai, hati inahamia kwao, halafu unawalipa wao kila mwisho wa mwezi, kwa riba ndogo. Nikachuchumaa uani, nikapiga hesabu kwa kijiti: madebe kumi na mawili kwa mwaka, kwa bei ya soko la Mlowo. Benki ikashinda kwa mbali.

"Umemuuliza mzee riba yake ni kiasi gani?" mke wangu akasema.

"Nimuulize fisi bei ya mfupa?"

"Muulize tu, baba. Nyumba ikichukuliwa, watoto watalala ndani ya hiyo hesabu yako?"

Kwa upole wote wa mwanaume mwenye cheti, nikamwambia hayo mambo ni ya waliosoma.

Mzee nilipomweleza, hakukasirika. Alinipakia kwenye lori lake, bure, mpaka Mbeya. Karani wa benki akampa hundi yake, akachukua hati, akanisukumia karatasi ndefu kama kanga. Nikaweka sahihi yenye mikia mitatu. Kusoma? Nani asome yote yale, na karani amevaa suti?

Kurudi, tumefika Mlowo, furaha ikanizidi.

"Mzee, sasa maharage utanunua sokoni kama wenzako."

"Kwani umeacha kulima?"

"Nimeacha kulipa riba."

Akafunga breki hadi kuku wa abiria wa nyuma wakapiga kelele. "Riba ipi?"

"Si yale maharage?"

"Astaghfirullah! Mimi nile riba?" Akashika kichwa. "Mimi nikajua ninyi Wanyiha mna adabu, hamuendi kwa mtu mikono mitupu! Na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, ndiyo maana nikawa natia sukari!"

"Kwa hiyo deni langu..."

"Lilikuwa deni tu! Ungelimaliza kwa kahawa yako ya mwakani."

Kesho yake tukarudi Mbeya na ile hundi, mzee hajaigusa. Karani akatabasamu, akatuonyesha mstari mdogo chini kabisa: ukitaka kuvunja mkataba, unalipa kwanza riba ya miaka yote. Miaka yenyewe ilikuwa kumi. Mstari ulikuwa kwa Kiswahili safi, hata wa darasa la nne angeusoma.

Tulipokaribia Tunduma mzee akapunguza mwendo, tukaiona nyumba yangu, bati linang'aa.

"Mvua zikikataa, kijana," akasema, "mimi ningekungoja mpaka zinyeshe. Hao watakungoja mpaka tarehe thelathini."