Vikombe Vilivyokuwa Motoni

Tulimpoteza koko, mama wa mama yangu, siku ya Jumamosi, vyombo vyake vya chai vikiwa bado motoni. Leo, hapa Beu tulikokimbilia, jirani amewasha kuni mbichi za mikaratusi, na moshi wake umenirudisha kwetu Kasugho.

Koko alikuwa amefinyanga birika na vikombe, akavipanga juu ya kuni na kuvifunika kwa majani makavu. Udongo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu tuliposikia risasi ng'ambo ya mto. Watu wakapita mbio, magodoro kichwani.

"Mama, tuende!" mama alilia.

"Nikiitoa sasa, baridi itapasua yote. Muende, niko nakuya nyuma yenu."

"Acha ile vikombe, mama!"

"Na mukirudi, mutakunywa chai mu mikono?"

Mama akanishika mkono, tukaondoka. Tulipofika penye migomba, koko aliniita. Nilirudi mbio, nikidhani amekubali kwenda nasi. Alitaka tu kunifuta masizi shavuni. Kidole chake kilikuwa na udongo, kikanichafua zaidi, naye akacheka. Halafu akageuka, akaongeza kuni.