Kudarubini

Kitenzi hicho nilikitunga mimi, kwa hasira, nikitoka chooni. Ukikisikia mahali, jua kimetoka kinywani mwangu, na wala sijivunii.

Tulikuwa tukishona kola za mashati kiwandani. Msimamizi wa mstari wetu alikuwa mama mmoja mwembamba tuliyempa jina la Darubini, kwa miwani yake na macho yasiyopepesa. Ukisinzia, anakuandika kwenye daftari. Ukienda chooni mara mbili, anakuandika. Ukiandikwa mara tatu, meneja anakuonyesha geti.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne, nimeibana kwa kitambaa chini ya aproni. Pale mwenye mimba hakuwa na kazi, na mume wangu alikuwa nyumbani hana kibarua. Kila asubuhi nakimbia kutapika, na kila nikitoka, Darubini huyo hapo mlangoni, kanikodolea macho.

"Leo kanidarubini mara tatu!" nikamwambia jirani yangu wa cherehani. Alicheka mpaka akaharibu mshono. Kufika saa ya chakula, mstari mzima unaonyana: "Kaa vizuri, shoga, unadarubiniwa!"

Nilicheka nao, lakini nilihofu anatafuta kosa la kunifukuzisha. Nikaona kabla hajaniwahi, bora nimuwahi. Nikaenda kwa meneja.

"Bosi, yule mama ananiandama kila siku mpaka chooni. Kazi haifanyiki kwa amani."

Meneja akaagiza daftari liletwe. Akapekua kurasa za miezi miwili, kidole kikishuka polepole. Wenzangu wote wamo. Mimi simo hata mara moja.

"Kila siku uko chooni, na yeye anakuona," akasema. "Mbona hajakuandika?"

Akaniangalia usoni, kisha macho yakashuka kwenye aproni, yakabaki hapo. Lo! Mdomo uliponza kichwa.

Tulifukuzwa siku hiyo hiyo, mimi kwa mimba, yeye kwa kuificha. Getini nililia kwa aibu.

"Mama, nisamehe. Nilidhani unanitafutia kosa."

Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya gauni. "Nilikuwa nasimama pale usije ukaanguka ukiwa peke yako, mwanangu," akasema. "Mimi wangu wa kwanza nilimpotezea humo humo chooni, na hakuna aliyejua."

Binti yangu sasa ana miaka sita. Nasikia kiwandani bado wanasema kudarubini, wakimaanisha kumchunguza mtu ili umponze. Nimemtafuta mama yule nimwonyeshe mtoto. Sijampata.